Mpiga Roki wa Nyahanga

Nimeona watu wakifukuza ndege wa mtama kwa madebe, na fisi kwa vijinga vya moto, lakini mtu wa kuhamisha mbuzi kwa wimbo, tena wimbo wa mapenzi aliomtungia mke wake, nimemwona mmoja tu. Ni jirani yangu hapa Nyahanga, Kahama. Siku alipochomeka gitaa lake kwenye umeme kwa mara ya kwanza mtaani kwetu, mbuzi wa Hajati, mama mwenye duka ng'ambo ya barabara, walikata kamba wote kwa pamoja wakaja kuokotwa Tinde. Watu wananiambia natia chumvi, Tinde ni mbali. Sawa, tufanye walifika mnadani. Lakini kamba walikata, na Hajati yupo, muulizeni.

Jina analo, limeandikwa kwenye kitambulisho, ila ukimuulizia kwa jina hilo utazunguka Nyahanga mpaka ndala zitoboke. Ulizia Mpiga Gitaa. Utaonyeshwa nyumba kwa kidole, na anayekuonyesha atakupa pole.

Ni mrefu, mwembamba kama mti wa antena. Anavaa kofia ya sufu hata jua la Oktoba linapochemsha bati, na shati amelifunga mpaka kifungo cha shingoni, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti. Mimi nauza vipuri vya pikipiki, na ndivyo tulivyojuana. Alikuja dukani asubuhi moja, akanisalimu Kisukuma, "Mwangaluka," kwa sauti ndogo ya mtu aliyekuja kuposa. Akaomba waya wa klachi.

"Wa pikipiki gani, kaka?"

"Sina pikipiki."

"Wa kazi gani sasa?"

"Ule uzi mnene wa juu umekatika."

Nikadhani ni mgonjwa. Akaufumua waya palepale kaunta, akachambua uzi mmoja mmoja kwa kucha, akaugonga kwa kidole huku ameweka sikio. Akatikisa kichwa. Akachambua mwingine. Wateja wangu watatu walisimama wakimtazama mpaka wakasahau walichofuata. Uzi wa tano ukamridhisha. Akasema, "Huu una huzuni kidogo, utafaa," akaondoka. Nilibaki na waya uliofumuliwa kama nywele za kichaa, na rafiki wa maisha.

Anapiga roki. Siyo rumba, siyo singeli, siyo mapambio. Ni ile roki ambayo gitaa linaanza kwa kunong'ona, unasema huyu anasali, halafu ghafla linapasuka kama lori la pamba lililoangukia kiwanda cha bati, halafu linarudi kunong'ona kama vile halijafanya kitu. Aliipata Mwadui. Enzi hizo alikuwa akifyeka bustani kwenye nyumba za wakubwa wa mgodi wa almasi, na mhandisi mmoja wa kigeni alipohama akamwachia viatu, chandarua na kanda ya kaseti isiyo na jalada. Viatu vilimbana. Chandarua kilitoboka. Kanda aliisikiliza mpaka utepe ukakatika, akauunga kwa rangi ya kucha, akaendelea. Mpaka leo hajui bendi ile inaitwaje. Ukimwambia siku hizi mtu anaweza kutafuta kwenye simu, anakunja uso. "Nikijua majina yao nitaanza kuwaiga," anasema. "Sasa hivi nawadhania tu."

Redio moja ya Shinyanga iliwahi kumwita studio. Mtangazaji akasema, "Mgeni wetu anapiga roki mbadala." Sisi huku tumezunguka redio ya Hajati kama tunasikiliza matokeo ya uchaguzi. Hajati akauliza, "Mbadala wa nini?" Wakati huo nilikuwa kwenye masomo ya jioni, Kidato cha Pili, mtu mzima na watoto watatu, na sikuachana na kamusi hata nikienda kuoga. Nikafungua, nikasoma kwa sauti: kitu kinachoshika nafasi ya kingine.

"Sasa hicho kingine kiko wapi," akasema Hajati, "kirudi?"

Lakini nisiwacheke wengine nikasahau jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni Mama Kulwa.

Mama Kulwa ni mkewe, mama wa mapacha Kulwa na Doto ambao wamekwisha kuwa watu wazima na miji yao. Anauza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, na hakuna mwanamke Kahama nzima anayetumia maneno machache kama yeye. Akisema "haya" na "kula" kwa siku moja, amehutubia. Sasa kila siku saa kumi jioni Mpiga Gitaa anakaa kwenye kigoda chake sebuleni, anachomeka gitaa. Na kila siku, gitaa likianza tu kuvuma, Mama Kulwa anachukua ungo wa michembe, anatoka nje, anavuka barabara, anakaa barazani kwa Hajati. Anarudi kukiwa kimya.

Hajawahi kukaa mpaka mwisho wa wimbo mmoja. Hata ule aliotungiwa yeye.

"Wote wakimbie," Mpiga Gitaa aliwahi kuniambia, anasugua nyuzi kwa mafuta ya pikipiki niliyompa. "Mbuzi wakimbie, Hajati akimbie, wewe ukimbie."

"Mimi sikimbii, kaka."

"Wewe unakaa kwa sababu ya chai. Nakujua gete, kabisa. Wote wakimbie, ila huyu mmoja akae. Mwanamke akikuacha mara moja, utalia, yataisha. Mimi wangu ananiacha kila siku saa kumi, na saa kumi na mbili ananiletea ugali."

Akimuuliza kwa nini anatoka, jibu ni moja. "Michembe inataka upepo." Na humuulizi mara ya pili Mama Kulwa.

Basi akaamini kwamba tatizo ni wimbo bado haujawa mzuri. Hapo ndipo msiba wake ulipoanzia, na ndipo raha yetu ilipoanzia pia, kwa sababu mtu anayetafuta kumketisha mke wake kwa gitaa atafanya mambo ambayo mwenye akili timamu hafanyi.

Alijenga spika yake mwenyewe kwenye sanduku la mbao za kupakilia nyanya. Karatasi ya ile spika aliichana kwa wembe, mistari mitatu, ili sauti itoke imekwaruza. Alifanya kazi hiyo wiki mbili, anachana kidogo, anapiga, anasikiliza, anachana tena, daktari wa upasuaji haoni ndani. Halafu akasafiri siku tatu kwenda kumzika shangazi. Mama Kulwa, kwa wema wake, akampa fundi redio ile spika airekebishe, maana aliona imechanika. Fundi akaipaka gundi, akaishona, akaiwekea kitambaa kipya, na kwa kuwa ni jirani akasema hataki chochote. Mpiga Gitaa akarudi, akachomeka, akapiga. Sauti ikatoka safi, nyororo, kama ya kinanda cha misa.

Nilisikia kilio nikaruka ukuta nikijua kuna nyoka.

"Nani kaniua?" anauliza. "Nani kaniua, jamani?"

Fundi redio aliitwa. Alisimama mlangoni na bisibisi yake, amechanganyikiwa, anaomba radhi kwa kutengeneza. "Mzee wangu, katika maisha yangu sijawahi kuulizwa kwa nini kitu kimepona." Ikabidi ashike wembe aiharibu tena, Mpiga Gitaa amesimama nyuma yake akimwelekeza, "Taratibu, taratibu, hapo, usipitilize." Fundi huyo tangu siku hiyo akiletewa redio anauliza kwanza, "Hii imeharibika, au ndivyo mnavyoipenda?"

Na bado mtu huyu hapendi kelele. Hilo sijapata kulielewa. Jogoo wa jirani akiwika anafunga dirisha. Mtoto akipiga mluzi anaombwa kwa upole aende kupigia mbele. Kwenye harusi anakaa nyuma kabisa, pamba masikioni, na MC akipandisha sauti ya muziki utamwona anaugulia kama anang'olewa jino. Nikamwambia, "Kaka, wewe ndiye unayepiga kelele kuliko wote wilayani." Akaniangalia kwa huruma. "Kelele ni kitu kinachopigwa bila kufikiriwa," akasema. "Mimi nafikiri kwanza."

Ana misemo ya namna hiyo, na ukimkuta ametulia anaimwaga kama mahindi. Wimbo unaoeleweka siku ya kwanza ni tangazo. Mtu anayecheza hasikilizi, anafanya mazoezi. Gitaa ni kama ng'ombe, ukimpiga sana anabana maziwa, ukimbembeleza sana analala. Rumba anaidharau hadharani, anasema ni muziki wa watu walioshiba. Lakini ukuta wetu ni mmoja, na bafu lake liko upande wangu, na mimi nakwambia akijimwagia maji anaimba rumba, sauti ya kwanza, sauti ya pili na tarumbeta.

Jambo jingine, akipiga haangalii watu. Anainamia miguu yake. Pale chini ana vibati vitatu vya kukanyaga alivyovitengeneza kwa swichi za pikipiki, kila kimoja kinabadilisha sauti, na nyaya zake zimeungwa kwa namna ambayo akikanyaga vibaya anapigwa shoti. Kwa hiyo wimbo mzima anatazama vidole vyake vya miguu. Wageni wanadhani ana haya.

Sasa niwapeleke Kishapu. Ni siku moja nyuma kidogo, pamba imeshavunwa, ardhi kavu, na watu wako kwenye msimu wa kushindana ngoma. Asiyejua utaratibu wetu nimweleze kwa kifupi. Vikundi viwili vinakaa ncha mbili za uwanja mmoja, vinapiga kwa wakati mmoja, na hakuna jaji wala kalamu. Watu wenyewe ndio kura. Wanatembea. Kikundi kitakachovuta umati kimeshinda, kitakachobaki na mbwa wawili kimeshindwa, na kila kiongozi anakuja na dawa yake ya mvuto ndani ya pembe. Siku hiyo kikundi kimoja kilikuwa na chatu, kinachezesha chatu mkubwa, mnene kama paja langu, na nina mapaja. Kikundi cha pili kilikuwa cha majembe, wale wanaorusha majembe juu na kuyadaka, lakini gari lililobeba ngoma zao liliharibika njiani. Kiongozi wao akahangaika. Akatafuta chochote chenye sauti kishike uwanja mpaka ngoma zifike. Mtu akamwambia, kuna mzee kutoka Nyahanga amekuja mnadani na mkewe kuuza michembe, ana gitaa na betri ya gari.

Usiulize kwa nini mtu anakwenda kuuza michembe na gitaa. Mahali ambapo Mama Kulwa atakaa siku nzima bila kuweza kuondoka, kwa sababu ana biashara mbele yake, unadhani angepaacha?

Akachomeka. Akainama. Akaanza.

Nilikuwepo. Umati ulihama kama maji ya beseni lililoinamishwa. Waliondoka wazee, waliondoka kina mama, akaondoka muuza barafu na sanduku lake. Kiongozi wa majembe akashika kichwa, "Ng'wanawane, mwanangu, hata mbwa wameondoka!" Na Mama Kulwa? Alifunga michembe yake kwenye khanga, akajitwisha, akaenda kuitandaza upya mbali kule, karibu na miti ya minyaa. Mpiga Gitaa anakanyaga vibati vyake, hana habari.

Kumbe upande wa pili nako kumeharibika. Wakati wa chatu kutoka ulipofika, chatu hakutoka. Mwenyewe anagonga kikapu, anambembeleza, anamwita kwa majina ya ukoo, wapi. Chatu amejiviringa chini kabisa ameficha kichwa. Sijui kama ni ile sauti nzito iliyokuwa ikitetemesha ardhi au alikuwa tu ameshiba. Lakini watu walikata shauri palepale. Yule mzee ana dawa! Amemfunga chatu kwa waya! Ngoma za majembe zikafika, umati ukarudi mbio, kikundi cha majembe kikashinda, na Mpiga Gitaa akabebwa mabegani na watu ambao hakuna hata mmoja aliyesikia wimbo wake.

Sifa ya dawa ina miguu kuliko sifa ya muziki. Kabla mwezi haujaisha akaja mtu kutoka maeneo ya Geita, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Alikuwa na mnyororo shingoni na wasiwasi usoni, shimo lake limekataa miezi mitatu, wamechinja mbuzi mweusi, wamechinja kondoo, mwamba haujacheka. Akamsalimu kwa adabu, "Shikamoo mzee," akaomba aje apige tu pale mdomoni mwa shimo, dhahabu isikie. Mpiga Gitaa alikataa kwa dakika nzima. Kisha akauliza, "Kuna umeme?" Akaambiwa kuna jenereta kubwa. Akafungasha.

Siku ya kwanza kupiga, wachimbaji wakakutana na mkanda wa mwamba wenye rangi ya dhahabu. Basi! Alipewa kiti cha plastiki chenye mikono, mwavuli, na sahani ya wali na kuku mchana na jioni. Wachimbaji kabla ya kushuka waligusa gitaa kwa vidole viwili kisha wakajigusa kifuani. Mmoja alimletea jiwe alilaze chini ya kibati cha katikati. Nilipokwenda kumtembelea alikuwa amenenepa mashavu, na alikuwa na huzuni ambayo sijawahi kuiona kwa mtu anayekula kuku mara mbili kwa siku.

"Kaka, umefanikiwa," nikamwambia. "Umeajiriwa kwa roki. Tanzania nzima uko peke yako."

"Angalia," akasema.

Akapiga mlio wa kwanza. Na watu wote waliokuwa wamekaa pale juu wakainuka, wakavaa taa zao kichwani, wakaanza kuteremka shimoni mmoja mmoja. Ilikuwa ndiyo ishara yao ya kuanza kazi.

"Umeona?" akasema. "Wimbo ukianza wanazama ardhini. Nyumbani nilikuwa nakimbiwa na mmoja tu, akivuka barabara."

Kilichomtoa Geita ni king'ora. Pale kwenye lile duara, kabla ya kulipua baruti, mtu huzungusha king'ora cha mkono, na sauti ile ukiisikia uko chini unaacha hata kiatu. Mpiga Gitaa hakukijua, maana tangu afike walikuwa wanachimba kwa nyundo na tindo tu. Alasiri moja akaamua kujaribu kitu kipya, akaliegemeza gitaa kwenye spika, likaanza kulia lenyewe bila kuguswa, sauti inapanda, inapanda, haikatiki. Yeye ameinama, anafurahia. Kule chini wakasikia baruti inakuja. Walipanda ile kamba utadhani shimo linawatapika. Walitoka wote, wamejaa vumbi, meno na macho tu, wakasimama kumzunguka, wanahema, kimya, kila jicho kwake.

Akainua uso.

Watu sitini! Mimi nasema sitini, yeye anasema arobaini, mchukue namba ya katikati. Akaona umati umeuacha mwamba wenye dhahabu umekuja kumsikiliza yeye. Akavua kofia ya sufu, akaiweka kifuani, akawainamia kwa heshima. Wabeja, akawashukuru kwa Kisukuma, wabeja sana.

"Nani kapiga king'ora?" mwenye duara akapiga kelele.

Nani angejibu. Mmoja alikuwa ameacha buti moja chini, mwingine ameacha kaptula kwenye msumari wa ngazi na anajificha nyuma ya mwavuli. Kijipande cha video cha ile kuinama kilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka kikanifikia mimi mara kumi na moja, kila mtu anadhani ndiye wa kwanza kunitumia. Wiki hiyohiyo ule mkanda ukapotea ndani ya mwamba, na ikajulikana ni nani aliyeutisha. Walimuaga vizuri, nisiwasingizie. Walimpa jogoo, wakamsindikiza mpaka barabarani, wakahakikisha basi limeondoka.

Jogoo huyo Mama Kulwa alimpika. Mpiga Gitaa akamsimulia habari ya watu sitini waliosimama kimya. Mama Kulwa akauliza neno moja, "Walikaa?" Yeye akajibu kwamba hapana, walirudi shimoni. "Haya," akasema Mama Kulwa. "Kula."

Kuanzia hapo akaanza kupoa. Hakusema, lakini ukuta wetu ni mmoja. Saa kumi inapita kimya. Siku nyingine anachomeka, anapiga kidogo, anaacha katikati. Mimi, ambaye nilikuwa nimeshamaliza Kidato cha Nne kwa jioni zangu na cheti nimekitundika dukani juu ya mataili, nilijikuta nakumbuka zile kelele kama mtu aliyehamishwa kutoka jirani na reli.

Juzi hapa akaniita. Ilikuwa alasiri, jua bado kali. Nikamkuta amelilaza gitaa kwenye kochi, chini amelitandikia khanga, analipangusa.

"Wewe msomi," akasema. "Niandikie barua ya makabidhiano. Iwe ya kiserikali."

"Unamkabidhi nani?"

"Kuna kwaya huko Kishapu. Jumapili wanakuja kulichukua. Watalipigia nyimbo za watu."

Nikakaa. Nikashika kalamu, nikaandika Yah: na pale nikakwama. Nikamwambia, "Kaka, acha utani."

"Nampigia nani?" Hakupandisha sauti, yeye hapandishi. "Mwanamke nimekaa naye mpaka watoto wamekuwa wakubwa, na wimbo wake mwenyewe hajausikia hata siku moja. Nimeutengeneza upya mara ngapi? Nimepunguza, nimeongeza. Mtu ukipika miaka yote hiyo na mgeni hali, unafunga jiko."

Nikaifunga kalamu. Mama Kulwa alikuwa uani. Akapita sebuleni na ungo wake, akatutazama, akatazama gitaa.

"Ngoja nilipige mara ya mwisho," Mpiga Gitaa akasema, "wasije wakasema nimewapa bovu."

Akalinyanyua, akakaa kwenye kigoda, akachomeka. Spika ikavuma. Mama Kulwa akatoka.

Akaupiga ule ule, wimbo wa Mama Kulwa. Unaanza taratibu, halafu kuna mahali sauti inapanda kama mtu anayekwea jabali, inarudi nyuma, inakwea tena, kisha bati lote la nyumba linaanza kulia. Nilitazama karatasi yangu. Alikuwa anapiga vizuri, lakini kwa haraka, kama anayekimbiza mgeni kituoni. Alikuwa amefika kwenye kushuka pale mlango ulipofunguliwa.

Mama Kulwa alisimama kizingitini, viganja vimejaa unga wa michembe, anahema. Alikuwa amevuka barabara kwa kukimbia.

"Baba Kulwa, umeruka."

Gitaa likakatika. "Nimeruka nini?"

"Pale kwenye kupanda. Umepanda mara tatu ukashuka. Ni mara nne."

"Nimepanda nne."

"Tatu."

"Mama Kulwa, wimbo ni wangu, mikono ni yangu..."

"Na masikio ya nani?"

Akaliteremsha gitaa mapajani. "Wewe," akasema, "umejuaje ni mara nne?"

"Miaka yote hiyo nisijue?"

"Lakini unatoka! Kila siku unatoka!"

"Natoka ndiyo nisikie." Alisema kama anayemweleza mtu kwamba maji hutoka kisimani. "Humu ndani yanalia mabati na masufuria, mtu husikii kitu. Ukivuka barabara, ukikaa kwa Hajati, ndiyo linakuwa gitaa."

"Na Kishapu?"

"Kule ilibidi nifike kwenye minyaa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaniuliza natoka kwa nini. Hukuniuliza nasikilizia wapi. Tena unauliza umenuna. Mtu aliyenuna anajibiwa nini?"

Sijawahi kumsikia Mama Kulwa akisema maneno mengi hivyo, na nadhani na yeye hakuwahi kujisikia, kwa sababu alianza kujifuta unga kwenye khanga. Kutoka ng'ambo ya barabara Hajati akapaza sauti, "Mwambie na mwisho wa jana aliufupisha! Mimi nilikuwa naungoja!"

Mpiga Gitaa alinitazama. Nilitaka kumuuliza habari ya kwaya, akanionyesha kwa kidole ninyamaze.

"Haya," Mama Kulwa akasema. "Urudie wote. Ila ngoja nivuke."

Akatoka. Mpiga Gitaa akakaa sawa, akafungua kifungo cha shingoni, akauinua mkono juu ya nyuzi na kuushikilia hewani. Kutoka pale kigodani haoni nje, spika inamkinga.

"Amefika?" akauliza.

Nikachungulia dirishani. "Bado. Anaipisha bodaboda."

"Sasa?"

"Anapanda barazani. Anakaa. Ameweka ungo mapajani."

"Anatazama huku?"

"Hapana," nikasema. "Ameinamia michembe yake, kama wewe na vibati vyako."

"Vizuri," akasema, akaushusha mkono kwenye nyuzi.